Tathmini ya daraja la Bailey: chuma cha vita kilichobaki kazini

Mhandisi wa kijeshi huliita daraja zuri lile linaloweza kuunganishwa usiku na watu waliochoka, pasipo winchi, na kwa kipimo hicho sijui bidhaa inayolishinda daraja la Bailey, lililobuniwa na Donald Bailey, mtumishi wa kiraia katika Wizara ya Vita ya Uingereza, na kuanza kutumika jeshini mwaka 1941.

Uzuri wake huonekana ukikumbuka walivyohangaika waliotangulia. Novemba 1812, vifaa vya madaraja vya jeshi la Napoleon vilikuwa vimeteketezwa kwa amri yake siku chache kabla ya kufika mto Berezina, na wajenzi wa madaraja wa jeshi hilo, chini ya Jenerali Eblé, wakalazimika kubomoa nyumba ili wapate mbao, kisha wakaingia katika maji yenye barafu kusimamisha madaraja mawili. Wengi wao hawakupona.

Bailey aliondoa kero hiyo kwa aina moja tu ya paneli ya chuma, yaani kipande cha fremu, yenye urefu wa futi 10 na uzito wa kilo 260 hivi, mzigo wa watu sita. Paneli hiyo hiyo ikipangwa safu moja hupitisha magari mepesi. Zikiongezwa safu ubavuni, au ghorofa juu yake, hupita vifaru. Huunganishwa kwa pini nene ambayo kichwani ina mfuo uliochongwa sambamba na tundu la kibanio, kipini kidogo kinachoizuia pini isichomoke, tundu lililo katika ncha ya pili, upande usioonekana. Mfuo ukilala mlalo, fundi anajua kibanio kitaingia, hata akiupapasa kwa kidole gizani. Mimi huihesabu alama hiyo ndogo kuwa hoja ya kutosha ya kulisifu daraja zima.

Kulivusha nako ni kazi ya akili: hujengwa ukingo mmoja juu ya roli za kuviringisha, likitanguliwa na pua nyepesi isiyo na sakafu, likasukumwa kwa mikono hadi ng'ambo, huku uzito mkubwa ukibaki nyuma ili lisitumbukie.

Wakati wa amani sifa zake hupungua, ingawa hazifutiki. Mafuriko yakichukua daraja la zege, hili hurudisha barabara kwa siku chache, lakini sakafu yake ya mbao huoza na kupiga kelele, njia yake hupitisha gari moja kwa zamu, na matundu ya pini huliwa polepole hadi daraja linaanza kulegea katikati. Kosa si la Bailey, bali la wanaolisimamisha kwa muda kisha wakalisahau miaka 30. Ukikabidhiwa la mtumba, anza ukaguzi kwenye vibanio vya pini: ni vidogo, hudondoka kwa mtikisiko, na mara nyingi ndivyo vya kwanza kukosekana.