Kupimwa kiunzi cha mwili kabla ya kupanga kilo: uzoefu wangu

Huduma ninayoizungumzia ni ya kupimwa ukubwa wa mifupa, yaani kiunzi cha mwili, ili mtaalamu wa lishe akupangie uzito unaoendana na umbile lako. Niliipata hapa Morogoro mjini, kwa mtaalamu mwenye ofisi yake binafsi, kwa shilingi 25,000 pamoja na maelezo na karatasi ya kuondoka nayo. Nimeridhika nayo na naipendekeza, ila kwa sharti moja ambalo nitalieleza kwa kirefu, kwa sababu nimeona watu wakishaambiwa "una mifupa mikubwa" wanaacha kabisa kuangalia kitambi.

Kilichonipeleka ni programu ya simu. Niliingiza jinsia na urefu, sentimita 160, ikanijibu kwamba uzito wangu bora ni kilo 52. Wakati huo nilikuwa na kilo 74. Kilo 52 nilikuwa nazo nikiwa sekondari, kabla ya uzazi, na hata hapo shangazi zangu walikuwa wakiuliza kama naumwa. Nilihangaika na namba hiyo kwa muda mrefu: chai ya rangi asubuhi, mboga za majani mchana, usiku nalala na njaa. Zikipungua kilo mbili tatu, kichwa kinauma, kazini siwezi kukaa sawa, kisha zinarudi zote. Mama yangu ana kisukari, kwa hiyo kwangu suala hili halikuwa la urembo. Nilitaka kupungua, na namba niliyopewa ilikuwa inanikatisha tamaa kila mwezi.

Mtaalamu alipoiona ile 52 kwenye simu yangu alijua mara moja ilikotoka. Ni fomula ya Devine ya mwaka 1974. Kwa mwanamke unaanza na kilo 45.5 kwa futi tano za kwanza, halafu unaongeza kilo 2.3 kwa kila inchi inayozidi. Mimi nina kama futi tano na inchi tatu, hesabu inaangukia 52 na kidogo. Fomula hiyo ilitungwa kuwasaidia madaktari kukadiria dozi za dawa. Haiulizi mifupa yako ikoje, haiulizi umri, inatoa namba moja kwa wanawake wote wa urefu mmoja. Kumbe programu nyingi za simu zimeichukua hivyo hivyo na kuiita uzito bora.

Sasa kipimo chenyewe. Alianza na kifundo cha mkono wa kulia, kwa tepu laini kama ya fundi cherehani. Kuna kale kamfupa kanakojitokeza upande wa kidole cha mwisho. Tepu inapita mbele yake kidogo, upande wa kiganja, bila kubana ngozi. Changu kilisoma sentimita 16.6. Akachukua urefu wangu akaugawanya kwa namba hiyo: 160 kwa 16.6 ni 9.6. Kwa wanawake, jibu likizidi 11 kiunzi ni chembamba, kati ya 10.1 na 11 ni cha wastani, chini ya 10.1 ni kikubwa. Kwa wanaume mipaka ni 10.4 na 9.6. Kwa kifundo, basi, mimi ni mtu wa mifupa mikubwa bila ubishi.

Ila hakuishia hapo, na hii ndiyo sehemu iliyonifanya nimwamini. Alisema kifundo kinaweza kudanganya kwa mtu aliyenenepa au aliyevimba mikono, akataka kiwiko. Unanyoosha mkono mbele, unaukunja kwenye kiwiko mpaka upate pembe mraba, vidole vikitazama juu na upande wa ndani wa kifundo ukikugeukia wewe. Kila upande wa kiwiko kuna mfupa uliochomoza. Aliitafuta yote miwili kwa kidole gumba na cha shahada, akabonyeza mpaka nikahisi mfupa kabisa, ndipo akaleta kalipa, kile kipimo cha mafundi chenye taya mbili zinazoteleza.

"Dada, usinyanyue bega," aliniambia. "Ukilinyanyua tu kiwiko kinasogea, namba inabadilika."

"Haya mdogo wangu, pima taratibu," nikamjibu, na kweli alirudia, akalinganisha namba, kisha akapima na mkono wa pili.

Ilikuja sentimita 6.9. Kwa mwanamke wa urefu wangu, wastani ni takriban sentimita 6.0 hadi 6.7. Vipimo viwili vikasema kitu kimoja. Kama vingepingana, alisema angekifuata kiwiko, maana pale kuna mafuta machache sana kati ya ngozi na mfupa.

Jedwali alilotumia ni la kampuni ya bima ya maisha ya Metropolitan Life ya New York, toleo la 1983. Historia yake inafaa kuijua kabla hujaliamini. Miaka ya 1940 mwanzoni kampuni hiyo ilitoa majedwali yenye safu tatu, kiunzi chembamba, cha wastani na kikubwa, lakini haikusema mtu ajuaje yuko safu gani. Kila mtu alijichagulia. Mpaka toleo la 1983 ndipo kipimo cha kiwiko kikawekwa, na uzito ukapangwa kwa kuangalia wateja wa bima wa miaka 25 hadi 59 waliokuwa na vifo vichache zaidi. Ni watu wa Amerika Kaskazini waliokuwa na uwezo wa kukata bima. Wanawake wa Uluguru hawamo humo. Mtaalamu alinieleza hilo mwenyewe, bila mimi kuuliza, na akasema analitumia kama mwongozo wa kukaribia namba, halafu vipimo vingine ndivyo vinaamua.

Kwa urefu wangu, safu ya kiunzi kikubwa ni ratili 134 hadi 151, ambazo ni kama kilo 61 hadi 68.5. Kuwa makini hapa ukitaka kulisoma mwenyewe: jedwali linahesabu urefu ukiwa na viatu vya kisigino cha inchi moja, na uzito ukiwa na nguo, ratili tatu kwa mwanamke na tano kwa mwanaume. Mimi miguu mitupu ni futi tano na inchi tatu, kwa hiyo mstari wangu ni wa futi tano na nne. Ukitoa nguo, inabaki kilo 59 hadi 67. Kwenye mstari huo huo, mwanamke wa mifupa myembamba anapewa ratili 114 hadi 127, yaani kilo 52 hadi 57 na nusu. Ile 52 ya simu ilikuwa uzito wa chini kabisa wa mwanamke mwenye mifupa tofauti na yangu.

Sharti nililolitaja mwanzo ni kiuno. Kiunzi kinakuambia mifupa yako ina upana gani. Hakijui lolote kuhusu mafuta. Mtu anaweza kuwa na mifupa mikubwa na bado akawa na mafuta mengi tumboni, na mafuta ya tumboni ndiyo yanayokwenda sambamba na presha, kisukari na magonjwa ya moyo. Alinipima kiuno katikati ya ubavu wa mwisho na ncha ya juu ya nyonga, nikiwa nimetoa pumzi kawaida, tepu ikiwa sawa kuzunguka mgongo. Sentimita 91. Shirika la Afya Duniani linaanza kuhesabu hatari kwa mwanamke kuanzia sentimita 80, na kuanzia 88 hatari inakuwa kubwa. Kuna na kipimo kingine rahisi ambacho kimeingia kwenye miongozo ya Uingereza tangu 2022: kiuno kisifike nusu ya urefu wako. Nusu ya 160 ni 80. Kwangu vyote viwili vinaishia namba moja, kwa hiyo sina pa kujitetea.

Halafu akaleta BMI, yaani kilo zako ukizigawanya kwa urefu wa mita uliozidishwa kwa wenyewe, ambayo kiwango chake cha kawaida kwa mtu wa sentimita 160 kinakwenda kutoka kilo 47 hadi karibu 64. Upana wa kilo 17! Mtu unachagua wapi? Hapo ndipo kiunzi kilipofanya kazi yake. Alichukua sehemu ambapo mstari wangu wa kiunzi na wa BMI unapishana, kilo 59 hadi 64, akasema lengo letu liwe 63. Hatua ya kwanza iwe 70 tu, kwa sababu hata asilimia 5 ya uzito ikitoka, presha na sukari huanza kunufaika. Niliposikia 63 nililegea mwili mzima. Ni namba ambayo naiona, nimewahi kuwa nayo baada ya mtoto wa kwanza na nilikuwa nafanya kazi zangu zote.

Nilirudi baadaye na shemeji yangu, na kisa chake kimenishawishi zaidi kuliko changu. Ni mrefu, sentimita 175, kilo 76, mtu ambaye kila mmoja nyumbani anamwita mwembamba. BMI yake ni 24.8, ipo ndani ya mipaka, na yeye alikuja kunisindikiza tu. Kifundo kilikuwa sentimita 16, mgawanyo 10.9, kiwiko sentimita 6.7 wakati wastani wa mwanaume wa urefu wake unaanzia 7.0. Mifupa myembamba. Kwa kiunzi hicho jedwali linampa kama kilo 63 hadi 67 na nusu bila nguo. Kiuno kikasoma 98, na kwa wanaume tahadhari inaanza 94. Miguu na mikono ile myembamba ilikuwa imetuficha sote tumbo lake. Alitumwa kupima presha na sukari wiki hiyo hiyo. Watu wanadhani kipimo hiki ni cha kuwapa nafuu wanene. Kwangu thamani yake kubwa zaidi ni kwa watu kama shemeji.

Ya kulalamikia yapo. Jedwali lake lilikuwa la inchi na ratili, na kubadilisha kila kitu kuwa sentimita na kilo kulichukua muda na kunaweza kuleta makosa. Mtu mwenye wateja wa Morogoro angekuwa na karatasi iliyokwishageuzwa. Chumba pia kilikuwa na pazia tu badala ya mlango, na kiuno kinapimwa nguo ikiwa imepandishwa. Nilimwambia, akasema analishughulikia.

Nyumbani nimejaribu kurudia vipimo. Tepu ya fundi inatosha kabisa kwa kifundo na kiuno. Kwa kiwiko, kalipa ya plastiki nilinunua duka la vifaa kwa shilingi 8,000, na inahitaji mtu wa kukushikia, mkono mmoja hauwezi. Ile njia ya kuzungusha kidole gumba na cha kati kwenye kifundo, vikipandana wewe mwembamba, vikigusana wa wastani, visipofikiana mkubwa, siipendekezi. Inategemea urefu wa vidole. Binti yangu ana vidole virefu, alijipata "mwembamba," na tepu ikasema wa wastani. Yeye ana miaka 19. Kwa watoto wanaokua msitumie majedwali haya kabisa, wana chati zao. Wajawazito vilevile, na mwenye viungo vilivyovimba asitegemee kifundo.

Hivi sasa nina kilo 69 na kiuno sentimita 86. Nakula ugali, nakula maharage na samaki, nimepunguza sukari kwenye chai na chapati za asubuhi, na jioni natembea kupanda upande wa Rock Garden na jirani. Sipimi tena kifundo wala kiwiko, mifupa ya mtu mzima haibadiliki kwa kutembea. Napima kiuno mara moja kwa mwezi, na mizani mara moja kwa wiki.

Kwa anayetaka kwenda: piga simu kwanza uulize kama wana kalipa, maana bila hiyo utalipia kifundo tu, ambacho unaweza kujipimia. Vaa nguo nyepesi ya vipande viwili, vua saa na bangili, na uombe namba zote ziandikwe, pamoja na kiuno. Kama 25,000 ni nzito, afisa lishe wa halmashauri yako anaweza kukupima urefu, uzito na kiuno na kukushauri. Kalipa nenda nayo mwenyewe, umwombe akusaidie kiwiko.