Kituo cha kuzamia kwa mkaaji wa muda mrefu: kagua kompresa kwanza, samaki baadaye

Malalamiko ya vijana wa Tanga wanaokwenda kukaa miezi kwenye vituo vya kuzamia yanafanana mno. Kichwa kinagonga kila jioni, kichefuchefu kinawashika bahari ikiwa shwari, na mdomoni kuna ladha kama ya oili. Kituoni wanaambiwa ni jua, au hawanywi maji ya kutosha. Mara nyingine ni kweli. Lakini mtu anayeumwa kichwa kila siku ya kuzamia na kupona kila siku ya mapumziko, jua lake ni lilelile siku zote. Mwacheni atazame mtungi wake.

Mwongozo huu ni wa mtu mwenye mfuko mdogo anayetaka kukaa miezi miwili, mitatu au zaidi, labda akitafuta cheti cha Divemaster, yaani mwongoza wazamiaji. PADI, shirika linalotoa vyeti vya kuzamia, hutaka mizamio 40 ili uanze kozi hiyo na 60 ili uimalize. Mtalii huvuta mitungi minne akaenda zake. Wewe utavuta zaidi ya mia, yote kutoka mashine moja ya kujazia hewa, yaani kompresa. Uzuri wa matumbawe, wingi wa kasa na weupe wa mchanga umeshaandikwa vya kutosha, sitaurudia. Unachonunua hasa ni hewa.

Hewa inavyoharibika

Kompresa ya kuzamia hushindilia hewa mtungini hadi bar 200 au 232 (bar ni kipimo cha shinikizo). Hewa hiyo hupata joto, na ikipoa huachia maji. Maji hayo hutolewa kwa vali yake kila baada ya dakika 15 hivi, na kwa unyevu wa pwani yetu afadhali mapema zaidi. Unyevu unaobaki huingia kwenye filta. Humo mna punje za kunyonya maji, mkaa maalum wa kunyonya mvuke wa oili na harufu, na kwenye filta nzuri mna hopkaliti, kemikali inayogeuza kaboni monoksidi, gesi ya sumu iliyomo kwenye moshi, kuwa hewa ukaa. Hopkaliti ikilowa haifanyi kazi tena. Kwa hiyo filta iliyojaa maji inaweza kuendelea kutoa hewa isiyonuka huku ikipitisha kaboni monoksidi, ambayo haina harufu, rangi wala ladha.

Joto ndilo linaloua filta za ukanda wetu. Hewa iliyoshiba unyevu kwenye nyuzi 20 hubeba kama gramu 17 za maji kwa mita ya ujazo. Kwenye nyuzi 40 hubeba 51. Banda la kompresa likiwa na nyuzi 30, hewa inayofika kwenye filta ina karibu nyuzi 40, na filta inapokea maji mara tatu ya yale yaliyopigiwa hesabu kwa nyuzi 20. Kitabu cha mashine kikisema saa 30 kwa nyuzi 20, hapa hesabu saa 10.

Sasa tazama saa 10 ni nini. Kompresa ndogo ya lita 100 kwa dakika hutoa lita 60,000 kwa muda huo. Mtungi wa alumini wa lita 11 uliorudi na bar 50 unahitaji lita 1,650 kufika bar 200. Hiyo ni mitungi 36 tu. Kituo chenye wageni kumi wanaozamia mara mbili kwa siku kitaimaliza filta hiyo siku ya pili kabla ya magharibi. Mashine kubwa yenye filta kubwa hudumu zaidi, lakini hesabu ni ileile. Ukiuliza filta inabadilishwa lini ukajibiwa "kila mwezi" bila kutajiwa saa wala idadi ya mitungi, tafuta kituo kingine.

Kiwango cha Ulaya, EN 12021, hakiruhusu kaboni monoksidi zaidi ya sehemu 5 kwa milioni. Ukali huo una sababu. Kwenye mita 30 shinikizo ni mara nne ya juu, kwa hiyo hewa yenye sehemu 20 inamwumiza mzamiaji kama yenye sehemu 80 nchi kavu. Gesi hii hushika himoglobini, kibeba oksijeni cha damu, kwa nguvu zaidi ya mara 200 ya oksijeni. Chini kabisa mtu anaweza asijue, kwa kuwa shinikizo la oksijeni bado linambeba. Anapopanda, oksijeni inapungua, na hapo ndipo anapozimia.

Bomba la kuvutia hewa na pepo mbili

Hili karibu hakuna anayelikagua, nami nalipa uzito kuliko mengine yote. Mtu wa pwani hahitaji kufundishwa kwamba kaskazi ikiisha kusi inaingia. Wenye vituo wengi husimika mashine zao msimu wa wageni, Desemba hadi Machi, kaskazi ikivuma. Bomba la kuvutia hewa linaelekezwa upande safi wa wakati huo, na jenereta inawekwa upande wa pili wa banda. Kusi ikianza kuvuma Aprili au Mei, moshi wa jenereta unasukumwa moja kwa moja bombani. Mgeni wa Januari hatakutana na tatizo hili kamwe. Anayekaa miezi minne anakutana nalo.

Halafu jenereta huwaka umeme ukikatika tu, hivyo siku mbaya zinakuja na kwenda, na wazamiaji wanabaki kulaumiana kwa vyakula walivyokula jana. Moshi wa jiko la kuni, injini ya boti iliyoachwa ikinguruma ufukweni, na makumbi yanayochomwa jioni nao huingia vilevile.

Bomba zuri limepanda juu ya paa, lina mdomo unaogeuzwa kufuata upepo, na ni pana. Wapo wanaorefusha kwa mpira mwembamba wa bustani wakidhani wamesaidia. Mashine inavuta kwa shida, inachemka, na oili iliyochemka kupita kiasi huzalisha kaboni monoksidi ndani ya kompresa yenyewe. Anayetia oili ya gari badala ya oili ya kompresa za hewa ya kupumua anafanya jambo hilohilo kwa haraka zaidi.

Ukaguzi wa nusu saa kabla ya kulipa

Nenda saa za kujaza mitungi, mara nyingi alasiri. Usianzie kwa meneja, anzia kwa anayejaza: "Shikamoo fundi, naomba nione mnapojazia." Fundi anayejali kazi yake atakuonyesha kwa furaha. Tazama kipima-saa cha mashine, kisha daftari la filta. Saa zilizoandikwa siku ya mabadiliko ya mwisho zitoe kwenye saa za leo. Kaa hapo robo saa usikilize kama maji yanatolewa. Simama penye mdomo wa bomba, uone upepo unatoka wapi, kisha jiulize kusi, au kaskazi, itatoka wapi.

Chukua mtungi mmoja, funika vali kwa kitambaa cheupe, fungua polepole sekunde chache. Doa la njano au harufu ya oili ni kasoro ya kukufanya uondoke. Kitambaa kikitoka safi hakithibitishi chochote kuhusu kaboni monoksidi. Hiyo inahitaji kipimo chake, na kituo chenye kipimo hicho kinastahili kulipwa zaidi. Omba pia uone kichujio kidogo cha kwenye mlango wa regulata (kifaa cha kupumulia kinachofungwa kwenye mtungi) ya kukodi. Kikiwa cheusi ni oili au vumbi la mkaa wa filta, kikiwa na wekundu ni kutu ya mtungi wa chuma, kikiwa cha kijani maji ya chumvi yameingia.

Soma mihuri kwenye bega la mtungi. Kipimo cha shinikizo la maji hufanywa kila miaka mitano katika nchi nyingi, na ukaguzi wa ndani mapema zaidi. Mitungi ya alumini iliyotengenezwa kabla ya 1990 iache. Mingi ya zamani ni ya aloi 6351, inayojulikana kwa kupasuka shingoni.

Napendelea Bauer, na sifichi. Kampuni hii ya Ujerumani ina mfumo uitwao Securus unaopima unyevu ndani ya filta na kuizima mashine filta ikichoka, hata kama fundi amesahau au tajiri amekataa kununua nyingine. Coltri ya Italia ni mashine nzuri na vipuri vyake si haba, lakini mimi nikikuta vituo viwili vya bei sawa, chenye Bauer yenye Securus nakitanguliza bila kufikiri mara mbili.

Mpangilio wangu

*Nungwi na Matemwe, Unguja.* Nafasi ya kwanza. Nungwi iko kwenye ncha ya kisiwa, kwa hiyo upande mmoja ukichafuka boti zinakwenda upande wa Kendwa. Umeme wa kisiwa unakuja kwa waya wa chini ya bahari kutoka bara, hivyo kompresa za umeme ni nyingi na moshi ni mchache. Matemwe kuna chumba cha shinikizo cha kutibia ugonjwa wa mzamiaji, ule wa mapovu ya gesi mwilini. Piga simu uhakikishe kinafanya kazi kabla ya kulipa. Panga chumba kijijini, nyuma ya barabara, si ufukweni. Ada ya hifadhi ya Mnemba iulizie mapema kama imo kwenye bei, kwani mara nyingi haimo.

*Dahab, Misri.* Wengi watashangaa kuiona hapa, na kweli iko nje kidogo ya ukanda wa tropiki. Baridini maji hushuka hadi nyuzi 21 au 22, na utahitaji suti ya milimita 5 au nene zaidi. Lakini unaingia majini kwa miguu kutoka ufukweni, hakuna gharama ya boti, na kwa mizamio mia hiyo ni nafuu kubwa. Upepo hutoka kaskazini sehemu kubwa ya mwaka, kwa hiyo bomba likiwekwa vizuri linabaki vizuri. Uwanja wa ndege ni Sharm el Sheikh, kama kilomita 90. Viza iombwe mapema. Tao la Blue Hole, shimo refu la baharini la huko, liko zaidi ya mita 50 chini na limeua wengi. Mwalimu anayekushawishi ulipite mkimbie.

*Diani, Kenya.* Kwa mtu wa Tanga ndiyo safari rahisi: Horohoro, Lunga Lunga, umefika bila kuvuka kivuko cha Likoni. Kasoro ni kusi. Kati ya Mei na Agosti bahari hukoroga na baadhi ya vituo hufunga, basi panga kukaa Oktoba hadi Machi.

*Mafia.* Ghuba ya Chole ina matumbawe yanayolindwa tangu 1995, hifadhi ya bahari ilipoanzishwa, na kuanzia Oktoba papa potwe huonekana Kilindoni. Kuzamia hufuata maji kujaa na kupwa. Siku za bamvua mlango wa Kinasi unakwenda kasi. Boti ya Nyamisati hupunguza nauli. Shida ni umbali wa tiba. Mwenye ugonjwa wa mzamiaji anahitaji oksijeni lita 15 kwa dakika akiwa njiani. Kwa safari ya saa tatu hiyo ni lita 2,700. Chupa ndogo ya lita 2 yenye bar 200 ina lita 400, inaisha ndani ya dakika 27. Uliza kituo kina chupa ngapi na za ukubwa gani, kisha piga hesabu mbele yao.

*Pemba.* Kuta za mwamba za Misali na Njao ni za ajabu, na mikondo yake si ya mwanafunzi. Malazi ya bei nafuu karibu na vituo ni machache. Hesabu ya oksijeni ni ileile ya Mafia.

Bagamoyo siiweki kwenye orodha: Ruvu na Wami humwaga tope, na masika ikianza huoni vidole vyako. Tanga mjini nako miamba mingi ilivunjwa na baruti, na silikanti, samaki wa kale wa hifadhi yetu ya 2009, wanaishi chini kuliko anakoruhusiwa mzamiaji wa burudani. Ushongo ya Pangani, kwa ajili ya kisiwa cha Maziwe, inatosha kwa wikiendi.

Koh Tao, Thailand, vyeti ni rahisi sana. Nauli inaumeza unafuu huo, na Novemba ni mvua.

Wanavyokula pesa yako

Mtungi uliojazwa haraka unachemka. Ukionyesha bar 200 ukiwa na nyuzi 60, ukipoa hadi 28 unabaki na bar 181. Fundi mwaminifu hurudi kuuongeza. Wengine wanakukabidhi hivyo, na kwa mizamio mia umelipia hewa ambayo hukuipata. Inakera zaidi kwa sababu wanajua vizuri. Nenda na geji yako uipime mitungi asubuhi, ikiwa imepoa.

Halafu dola. Tangu kanuni za 2025, kutangaza bei kwa fedha za kigeni hapa Tanzania kumekatazwa, lakini bado utakuta karatasi ya bei ya dola ukutani na mtu anakupigia kiwango cha kubadilisha alichokitunga yeye. Dai bei ya shilingi, iandikwe, ikieleza vifaa, boti, ada ya hifadhi na vizito vya risasi vya mkanda wa kuzamia. Mtanzania ulizia ada ya mwananchi. Vipo vituo vinavyokutoza ada ya mgeni na kubaki na tofauti.

Kifurushi cha mizamio 50 kinacholipwa mara moja kikatae. Lipa kumi kumi, na malipo ya mwezi ambao upepo unageuka yafanye baada ya kurudi bandani na kutazama tena bomba limeelekea wapi. Mizamio ya mwisho imalize saa 18 kabla ya ndege, hata ile ndogo ya Pemba kwenda Tanga.