Mashine ya umeme kwa maumivu sugu ya kiuno: uliza pedi kabla ya kuuliza mashine

Malalamiko ya wanaonunua mashine za EMS (za umeme unaokaza msuli) kwa ajili ya kiuno yanafanana: wiki za kwanza mambo mazuri, halafu inaanza kuchoma kama sindano, halafu inaishia kabatini. Mara nyingi mashine ni nzima. Kilichokufa ni pedi, vile vipande vya kubandika vinavyopeleka umeme kwenye ngozi.

Pedi inashika ngozi kwa jeli yenye maji. Jeli ikikauka, au ikichanganyika na losheni na mafuta ya nazi, inagusa ngozi hapa na pale tu, na umeme wote unapita kwenye sehemu hizo chache. Ndiyo maana inachoma. Mtu anapunguza nguvu mpaka inabaki kutekenya, msuli haukazi, kisha anasema EMS haifai. Pedi moja huchukua matumizi 15 hadi 30 hivi. Ukitumia mara tatu kwa wiki, ni wiki 5 hadi 10, na jasho la joto la pwani linapunguza zaidi.

Basi uliza: pedi za akiba zipo? Bei gani? Zinaungwa vipi? Waya zenye pini ya milimita 2 zinapokea pedi za kampuni nyingi. Kichwa cha waya cha aina ya peke yake kinakufunga kwa muuzaji mmoja. Na ukubwa: pedi ya sm 5 kwa 5 ina eneo la sm 25 za mraba, ya sm 5 kwa 9 ina 45. Kiuno kinataka kubwa, kwa sababu umeme ule ule ukitawanyika hauchomi.

Sasa mashine. Ya kwanza, bila kusita, ni NeuroTrac Rehab ya Verity Medical, Uingereza. Unajipangia mwenyewe: 35 hadi 50 Hz (mapigo ya umeme kwa sekunde), upana wa pigo, yaani muda wa kila pigo, maikrosekunde 250 hadi 300, kukaza sekunde 10, kupumzika 20 au zaidi, na nguvu kupanda taratibu kwa sekunde 2. Waya zake ni za pini.

Ya pili ni Beurer EM 49 ya Ujerumani. Ina TENS (umeme wa kutuliza neva) na EMS pamoja, na njia mbili, yaani jozi mbili za pedi, kila jozi na nguvu yake. Pedi zinazokuja nayo ni ndogo, za milimita 45 kwa 45. Nunua za milimita 50 kwa 100 siku hiyo hiyo.

Compex ni imara, ila imelengwa kwa wanamichezo. Kiuno kinatosheka na njia mbili, na kwa nyingi zake wewe unalipia nne.

Vile vimashine vya kubandika vya bei rahisi visivyoandikwa Hz wala muda wa kupumzika, viache.

Kubandika: osha ngozi kwa sabuni, kausha kabisa. Lala kifudifudi, mto chini ya tumbo. Bandika pedi mbili kila upande wa uti wa mgongo, sm 3 kutoka katikati, kamwe si juu ya mfupa, na kila upande uwe na njia yake. Anza dakika 10, fika 20. Ongeza nguvu mpaka uone msuli unakaza. Ukimaliza, rudisha pedi kwenye plastiki yake na uifunge vizuri ndani ya mfuko wake.

Kinachoudhi ni wauzaji wanaouza TENS kwa jina la EMS. TENS inatuliza neva. EMS inakaza msuli. Wengine wanadai EMS inarudisha diski ya uti wa mgongo mahali pake, na huo ni uongo. Mwaka 2016 NICE, taasisi ya Uingereza inayotoa miongozo ya tiba, iliwaambia madaktari wasitoe TENS kwa maumivu ya kiuno. EMS nayo ni msaidizi wa mazoezi, haichukui nafasi yake. Halafu wauzaji hao wanakuuzia pedi za akiba zilizokaa ghalani mpaka jeli imekuwa ngumu: angalia tarehe kwenye pakiti kabla ya kulipa.

Mwenye kifaa cha kuendesha mapigo ya moyo kilichopandikizwa mwilini, mjamzito, mwenye kifafa, saratani au damu iliyoganda mguuni asiitumie bila daktari. Na mkojo ukianza kukutoka wenyewe, sehemu za siri zikifa ganzi au mguu ukilegea, nenda hospitali siku hiyo hiyo.