Hoteli za kabla na baada ya meli huko Skandinavia: uliza sakafu kwanza

Tangu msimu wa meli za kifahari uanze, jumbe ninazopata kutoka kwa wasomaji zinafanana. Meli ilikuwa nzuri, chakula kizuri, wahudumu wana adabu. Kilichowaharibia ni hoteli ya ule usiku wa kwanza. Wala si kwa uchafu, maana kupata hoteli chafu Copenhagen, Stockholm au Oslo ni kazi. Shida ni kwamba sanduku halikupata pa kufungukia.

Dada mmoja aliyempeleka mama yake kusherehekea kustaafu ameniandikia kwamba masanduku waliyafungua kwa zamu. La mama likiwa wazi sakafuni, yeye hukaa kitandani amekunja miguu, na mlango wa bafu haufunguki. Wakamaliza, wakalifunga, wakalisimamisha ukutani, wakafungua la pili. Saa sita usiku mama akahitaji vidonge vya presha, navyo viko kwenye lile lililokwisha kufungwa. Chumba hicho walikilipia bei ambayo Dar ingewaweka ufukweni wiki nzima, chai na chakula cha jioni ndani.

Miongozo mingi itakuambia uangalie usafi, usalama, intaneti na chai ya asubuhi. Hayo siyaandiki, kule karibu kila hoteli inayo. Wengine watakutisha kwa habari ya mapazia, kwamba mwezi Juni jua la Stockholm linachomoza kabla ya saa kumi alfajiri. Ni kweli, linachomoza. Chukua kile kitambaa cha macho walichokupa kwenye ndege, ulale.

Sakafu ndiyo isiyosemwa. Anayekwenda kupanda meli ya kifahari si mtalii wa begi la mgongoni. Tiketi nyingi za kutoka kwetu zinampa kila mtu masanduku mawili ya kilo 23, na ndani ya meli hakuna anayekupimia mizigo, kwa hiyo watu wanajaza: magauni ya usiku, suti za baba, makoti kwa sababu Julai ya Norwei si Julai ya Tanga, viatu vya kutembea, viatu vya kukaa. Mume na mke wanashuka uwanja wa ndege na masanduku manne. Meli za Regent, Seabourn na Silversea zina vyumba vyenye eneo la kukaa, kuanzia kile cha bei ya chini kabisa, kwa hiyo huko masanduku yatatoweka bila shida. Tabu ni usiku wa kabla na usiku wa baada.

Piga hesabu nami. Sanduku kubwa likifunguliwa linakula sentimita 75 kwa 100 hivi. Manne ni mita tatu za mraba. Sasa chukua chumba cha mita za mraba 12, ambacho katikati ya Copenhagen ni cha kawaida kabisa. Kitanda kimechukua tatu na kitu, bafu tatu, kabati, meza na nafasi ya mlango kuzunguka zimechukua mbili na nusu. Kilichobaki ni ujia wa kupita. Ukifungua masanduku, huna pa kukanyaga. Na usidhani utayaweka kitandani, kitanda chenyewe mara nyingi kimesukumwa ukutani na mmoja wenu anapanda kwa kutambaa.

Picha hazitakuambia haya. Mpiga picha amejibana kwenye kona ya dari na lenzi pana, chumba kinaonekana ukumbi. Shuka chini kwenye maelezo ya chumba, utafute idadi ya mita za mraba. Kwa watu wawili wa meli, chini ya 18 pita. Kuanzia 22 mtapumua. Isipoandikwa, jua kuna sababu haikuandikwa, waandikie barua pepe uwaulize. Na ukiwaandikia, waulize pia lifti inabeba kilo ngapi. Kibao cha kilo 320 ni watu wanne waliobanana, au wewe na sanduku moja huku mwenzio anasubiri chini na matatu. Kilo 630 ni lifti inayoingia kiti cha magurudumu, hiyo ndiyo unayoitaka.

Sasa kwenye madaraja yangu ya hoteli, kuanzia ninayoipenda zaidi.

Namba moja ni Scandic, kampuni yenye hoteli nyingi Skandinavia, na niseme mapema kabla hamjaniuliza: sijalipwa, naipenda tu. Najua jina lenyewe halimfurahishi mtu aliyekata tiketi ya meli ya maelfu ya dola. Kampuni ilianza mwaka 1963 kama hoteli ya Esso, wale wa mafuta ya magari, kando ya barabara kuu huko Laxå, Sweden, ya watu wenye magari. Haina dari za dhahabu. Ila hawa watu kwa miaka mingi wameshikilia jambo moja ambalo wenye hoteli za kifalme hawakulifikiria, nalo ni mgeni wa kiti cha magurudumu. Wana kanuni yao yenye vipengele zaidi ya 100, kuanzia mlangoni hadi urefu wa ndoano za kutundikia nguo. Na pale kiti cha magurudumu kinapopita, sanduku lako linapita: hakuna ngazi tatu za mapambo mlangoni, milango mipana, lifti ya maana. Mama mwenye magoti mabovu naye anapita.

Stockholm, nenda Scandic Continental. Treni ya Arlanda Express inatoka uwanja wa ndege hadi stesheni kuu kwa dakika 18, na hoteli iko ng'ambo ya barabara ya Vasagatan. Chini yake ndiko kiliko Stockholm City, kituo cha treni za mjini, na hapo ndipo wengi hawaelewi thamani yake mpaka wasome upya karatasi ya meli. Si kila meli ya "Stockholm" iko Stockholm. Baadhi hutia nanga Nynäshamn, kilomita 60 hivi kusini mwa jiji. Aliyelala hoteli ya "karibu na bandari" pale Stadsgården anaamka na kukuta bandari yake iko mbali kama Dar na Bagamoyo. Wewe uliyelala Continental unashuka chini na masanduku yako, unapanda treni ya moja kwa moja, na baada ya saa moja hivi uko Nynäshamn. Ukitaka teksi, soma kwanza kile kibandiko cha njano dirishani. Sweden bei za teksi ni huria, kila kampuni inapanga yake, na kibandiko kinaonyesha bei ya mfano ya safari ya kilomita 10 na dakika 15. Bei ikikushtua, muache aende, hakuna sheria inayokulazimisha kupanda ya mbele kwenye foleni.

Bergen, Scandic wana Hotel Norge, mwendo mfupi kutoka kituo cha mwisho cha treni ya mjini inayotoka uwanja wa ndege wa Flesland. Safari ni kama dakika 45, ila nauli yake huwezi kuilinganisha na teksi. Copenhagen wana Scandic Spectrum kando ya maji, Kalvebod Brygge. Angalizo moja: hata Scandic wana vyumba vidogo, na ndivyo vinavyotangulia kwenye orodha kwa sababu ni rahisi. Panda daraja moja juu. Tofauti ya bei kwa usiku mmoja mara nyingi inavumilika.

Namba mbili ni Amerikalinjen ya Oslo. Jengo ni la mwaka 1919, lilikuwa makao makuu ya kampuni ya meli iliyowapeleka Wanorwei Marekani, na tangu 2019 ni hoteli. Liko uso kwa uso na stesheni kuu ya Oslo, treni ya uwanja wa ndege inakushusha hapo, na gati za chini ya ngome ya Akershus si mbali. Ingekuwa namba moja kama bei yake ya kiangazi isingekuwa na wazimu. Chagua chumba kwa mita za mraba, usichague kwa jina la chumba.

Namba tatu, Copenhagen Admiral. Ghala la nafaka la mwaka 1787, na mbao zake nene bado zinapita katikati ya vyumba. Ukuta mpana, maji ya bandari mbele, na gati la Langelinie liko upande huohuo wa mji. Wakati mwingine nguzo ya mbao inasimama pale ambapo ungeweka sanduku, kwa hiyo waulize kabla. Meli kubwa za Copenhagen ziko Oceankaj, huko mwisho kabisa Nordhavn. Metro inafika Orientkaj, na ukishuka hapo bado kuna mwendo mrefu usio na kivuli. Metro ni nzuri, kila kituo kina lifti, lakini kwa Oceankaj na masanduku manne ita teksi tu, usijitese.

Namba nne nitagombana na watu: hoteli za kifalme. D'Angleterre ya Copenhagen ya tangu 1755, Grand ya Stockholm inayotazamana na kasri ya mfalme, Grand ya Oslo. Hizi Grand mbili zote zilifunguliwa 1874, na zote mbili hupokea washindi wa Nobeli. Ya Oslo ni ya wale wa Amani, tuzo ambayo mwaka 2004 ilikwenda kwa Wangari Maathai wa Nyeri, mwanamke wa kwanza wa Afrika kuipata. Kwa heshima hiyo peke yake ningekaa pale nikanywa chai. Ukiwa na pesa ya chumba kikubwa, acha kunisoma, nenda. Kuna vijana wa kubeba mizigo, sanduku hulishiki hadi kesho. Lakini wengi wetu tunanunua jina kubwa na chumba cha mwisho kwa ukubwa, dirisha linatazama uani, ili tu tupige picha ngazini. Kwa bei hiyohiyo ungepata chumba cha maana mahali pengine.

Namba tano, na ya mwisho, ni hoteli za mitaa ya kale, hasa Gamla Stan ya Stockholm. Ndizo wanazopenda mawakala kwa sababu zinauzika kwa picha moja. Nyumba za karne ya 17, mlango mwekundu, taa ya mafuta. Barabara ni mawe ya kupangwa, na gurudumu la sanduku likiingia kati ya jiwe na jiwe halitoki zima. Teksi inakushusha mwanzo wa kichochoro. Msomaji mmoja alifikia moja wapo (jina nalihifadhi) akakuta lifti inaanzia ghorofa ya kwanza. Ya kwanza! Kutoka barabarani hadi kwenye lifti ni ngazi, za duara. Gamla Stan nendeni kutembea jioni mikono mitupu.

Kwa wanaobana matumizi: Citybox ya Oslo, unajihudumia mwenyewe mapokezi kwa mashine, inatosha. CABINN za Denmark vyumba vyake vimeigwa kutoka kabini za meli ya kivuko, na huo ni utani ambao mtu anayesubiri meli ya kifahari hauhitaji.

Nirudi kwa mawakala, maana nina donge. Kifurushi cha hoteli kinachouzwa pamoja na tiketi ya meli karibu kila mara kina bei ya kichwa. Hoteli yenyewe inauza chumba. Mko wawili, wakala anakutajia bei ya mmoja, unaona nafuu, halafu inazidishwa mara mbili kwenye malipo ya mwisho. Gawa bei ya chumba kwenye tovuti ya hoteli kwa mbili, ndipo ulinganishe. Ndani ya kifurushi kuna basi la kukupeleka bandarini na mtu wa kubeba mizigo, sikatai, na kwa Nynäshamn linaweza kulipa. Ila aniandikie ni chumba cha daraja gani. Wakala mmoja wa hapa mjini nilimuuliza mita za mraba, akanijibu "ni nyota nne, dada." Nyota nne za sakafu ipi?

Na wanaosubiri viza ya Schengen msidanganywe na bei ya "hairudishwi." Ubalozi unataka kuona mahali pa kulala, nawe hujui viza itatoka lini wala kama itatoka. Lipa zaidi kidogo kwa inayofutika hadi siku chache kabla.

Baada ya meli kuna jambo lake pia. Masanduku mnayatoa nje ya mlango wa chumba usiku wa mwisho, asubuhi saa mbili au tatu mko gatini, na chumba cha hoteli hakifunguliwi hadi saa tisa alasiri, kwingine saa kumi. Masaa sita mazima. Ulizeni mizigo inakaa wapi: kwenye chumba kinachofungwa kwa ufunguo, au kwenye kona ya ukumbi chini ya wavu. Na dawa za mama zitoeni kwenye sanduku kabla hamjalikabidhi.