Dr. Dre na wageni wake: uzoefu wangu na albamu ya 2001

Albamu ya Dr. Dre, rapa na mtayarishaji wa muziki wa Marekani, iitwayo 2001 ilitoka Novemba 1999, miaka 7 baada ya albamu yake ya The Chronic, na mimi niliisikiliza kwa mara ya kwanza kwenye kanda ya dakika 60 niliyorekodiwa katika duka moja la Kariakoo nilipokuwa mwanafunzi wa sekondari. Albamu yenyewe ina vipande 22, ukihesabu na vichekesho vifupi vilivyo katikati ya nyimbo, na inachukua takriban dakika 68, kwa hiyo hesabu ilikataa tangu mwanzo: upande wa pili ulikatika katikati ya wimbo wa Bang Bang, na mwenye duka hakuniambia kwamba kuna kilichobaki. Kwa miaka kadhaa nilidhani hapo ndipo ilipoishia. Niliponunua CD halisi, iliyokwisha kutumika lakini isiyo na mikwaruzo, ndipo nilipogundua kuwa nilikuwa nimekosa wimbo mzima wa mwisho, ambao nitaueleza hapo baadaye.

Anayetaka kuinunua ajue kwanza kwamba jina lililoko juu ya jalada ni moja, lakini sauti zilizomo ndani ni umati. Dr. Dre hapa ni mwenye shughuli: amepika, ametandika mikeka, amealika watu, kisha mara nyingi anasimama pembeni kuangalia kama kila mgeni amepata sahani yake. Wamo Snoop Dogg, Eminem, Xzibit, Kurupt, Nate Dogg, Hittman, Knoc-turn'al, Devin the Dude, Ms. Roq, na hata MC Ren, mwenzake wa siku za kundi la N.W.A. The Watcher, ambao ndio unaokaribia kuwa wimbo wake peke yake, nao una sauti za Eminem na Knoc-turn'al kwenye kiitikio. Zaidi ya hapo, mistari ya Still D.R.E., wimbo ambao anautumia kuwakumbusha watu kwamba bado yupo, iliandikwa na rapa mwingine, Jay-Z. Wapo wanaoliona hilo kuwa aibu kwa rapa. Mimi nimekulia kwenye nyumba ya wapenzi wa taarabu, ambako mtunzi wa shairi, mtia muziki na mwimbaji huweza kuwa watu watatu tofauti bila mtu kulalamika, kwa hiyo halikunisumbua hata kidogo.

Kilichonifanya niirudie kwa zaidi ya miaka 20 ni namna wageni hao walivyopangwa. Chukua The Next Episode, wimbo usiofika hata dakika 3. Mdundo wake umejengwa juu ya kipande cha The Edge, muziki wa mwaka 1967 uliotolewa kwa jina la David McCallum, na Snoop Dogg na Dr. Dre wanapokezana juu yake kana kwamba hakuna anayesubiriwa. Nate Dogg, ambaye mwingine angempa kiitikio chote akirudie mara nne, anaachwa hadi mwishoni kabisa; anaimba kidogo tu, na kwangu mimi dakika zote zilizotangulia zinakuwa kama zilikuwa zikimtandikia njia. Nate Dogg alifariki Machi 2011, na tangu hapo sehemu hiyo imekuwa nzito zaidi masikioni mwangu.

Ukitumia hedifoni nzuri utasikia pia usafi ambao kanda yangu ilikuwa imeuficha. Piano ya Still D.R.E., iliyopigwa na Scott Storch, inagonga mfuatano uleule karibu wimbo mzima na haichoshi, kwa sababu kila chombo kimeachiwa nafasi yake. Tarumbeta za What's the Difference zinatoka kwenye wimbo wa Charles Aznavour wa Ufaransa, jambo ambalo nisingelikisia kamwe. Katika Forgot About Dre, kwa upande mwingine, mgeni anamfunika mwenyeji: Eminem anapoingia na kasi yake, Dr. Dre unamsahau kwelikweli, na sina hakika kama huo ndio uliokuwa mpango.

Nusu ya pili ina kasoro ambazo siwezi kuzifumbia macho. Hittman si rapa mbaya, lakini anarudi mara nyingi mno, na kufikia wimbo wa Ackrite nilikuwa nimemchoka. Vichekesho vinachekesha mara moja tu, na kimoja ni kelele za chumbani zisizo na maana yoyote. Lugha inayotumiwa kuhusu wanawake ni ya dharau karibu mwanzo hadi mwisho. Nilipokuwa kijana niliipuuza, lakini sasa nina binti na kuna nyimbo nzima ninazoziruka. Toleo lililoondolewa matusi lipo, ila limekatwakatwa mno kiasi cha kuharibu mtiririko.

Kisha unakuja The Message, ule wimbo nilioukosa, ambao Dr. Dre anamwelekezea mdogo wake Tyree aliyeuawa. Mary J. Blige na Rell wanaimba, mdundo ni wa mtayarishaji Lord Finesse, na miongoni mwa waandishi wake yumo rapa Royce da 5'9". Yaani hata msiba wake mwenyewe aliwapa wageni wamsaidie kuubeba, kama tunavyofanya sisi nyumbani, ambako mfiwa hukaa chini na wengine ndio wanaosema. Baada ya zaidi ya saa nzima ya majigambo, sauti yake hapa imeshuka.

Ningeipa nyota 4 kati ya 5, nikipunguza moja kwa sababu ya vichekesho na matusi hayo. Anayeinunua aipige kwa mfululizo wake bila kuchanganya nyimbo. Mimi, kila Forgot About Dre inapomalizika, mkono bado unanyanyuka kwenda kugeuza kanda.