Vipuri vya deki ya video: mpira mpya si ule ulio ndani ya pakiti

Malalamiko ninayoletewa na wasomaji wenye deki za VHS yanafanana mno. Mtu ana kaseti ya harusi ya wazazi wake, deki inatafuna utepe, fundi anamwambia gurudumu la mpira limekwisha, naye anahangaika madukani hadi anapata gurudumu la kiwandani, ndani ya pakiti ambayo haijafunguliwa, kwa bei ya kuumiza. Linafungwa, deki inacheza vizuri kwa siku chache, kisha inautafuna utepe kama mwanzo. Lawama humwangukia fundi, ilhali mara nyingi fundi hana kosa lolote. Kasoro ilikuwemo ndani ya pakiti.

Mpira huzeeka hata usipotumika. Hewa na joto huukakamaza, na gurudumu lililotengenezwa mwaka 1989, likakaa ghalani tangu wakati huo, lina umri uleule wa lile lililong'olewa kwenye deki. Upya wake ni wa pakiti tu. Wanunuzi huuliza kama spea ni ya asili au ya kuigiza, huuliza bei na dhamana, lakini ni nadra kumsikia anayeuliza mpira huo ulitengenezwa mwaka gani, na hilo ndilo swali linalopaswa kutangulia mengine yote.

Nalisisitiza kwa sababu hasara yake haifidiki. Gurudumu hilo huubana utepe kwenye mhimili wa chuma unaozunguka, na mbano huo ndio unaouvuta utepe kwa mwendo usiobadilika, takriban milimita 23 kwa sekunde katika PAL, mfumo wa picha wa deki zetu. Mpira ukikakamaa, utepe huteleza, hupanda au hushuka, na ukingo wake hukunjamana. Ukingo wa juu ndio wenye sauti ya kawaida, na wa chini una alama zinazoiongoza deki isome picha mahali pake. Deki iliyoharibika unaweza kuitafutia nyingine, lakini ukingo wa utepe uliokunjamana haurudi ulivyokuwa, na harusi ile haitapigwa video mara ya pili.

Deki mpya hazitengenezwi tena popote. Kampuni ya Funai ya Japani, iliyokuwa ya mwisho kuzitengeneza, ilisimamisha kazi hiyo Julai 2016, na sababu mojawapo iliyoitaja ni ugumu wa kupata vipuri. Ikiwa kiwanda kilishindwa kuvipata, mnunuzi wa kawaida hana budi kuchagua kwa makini.

Ninachokiweka nafasi ya kwanza ni deki nzima iliyokufa, ya muundo uleule wa mitambo na yako, inayonunuliwa ili ing'olewe vipuri. Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni hadi mwaka 1994, na katika nyumba nyingi zilizokuwa na televisheni kabla ya hapo, deki ndiyo iliyoleta picha. Deki hizo bado zimo majumbani na kwa mafundi wa Kariakoo, kama zilivyo katika maduka ya Luthuli Avenue, Nairobi. Kwa deki kama hiyo iliyokufa utapata gia, mota, springi, swichi na dramu, yaani silinda inayozunguka yenye hedi zinazosoma picha, sehemu ambazo hazizeeki haraka kama mpira kwa kukaa tu. Mpira wake usiuguse. Tahadhari moja: deki iliyotoka Japani ni ya NTSC, mfumo wa picha tofauti na PAL, na umeme wa volti 100. Gia zake huenda zikaingia, lakini dramu yake hutengenezwa kwa mizunguko 1,800 kwa dakika, nayo ya PAL huzunguka 1,500, kwa hiyo usiihamishe.

Hapa sifichi kwamba mimi ni mpenzi wa deki za Panasonic. Mitambo yake ya mwanzoni mwa miaka ya 1990, ambayo mafundi huiita K, ilitumika katika modeli nyingi, hivyo deki moja iliyokufa huwafaa wengi. Ina beliti chache, yaani mikanda ya mpira inayozungusha sehemu zake, fremu yake ni imara, na kila kipuri kina namba yake katika kitabu cha fundi. Uliza kipuri kwa namba hiyo, usiulize kwa jina la deki. JVC inaifuata kwa karibu, na wenye jamaa Uingereza wakumbuke kwamba deki nyingi zilizouzwa kule kwa jina la Ferguson zilitengenezwa na JVC.

Nafasi ya pili ni mpira uliofinyangwa upya na watengenezaji wadogo wa nje wanaojishughulisha na mitambo ya zamani. Ni ghali, na usafirishaji huuongezea bei, lakini kwa gurudumu na beliti sioni njia nyingine ya kuaminika. Beliti ipimwe mzunguko wake wa ndani na unene wake. Ile ya zamani imekwisha kutanuka, basi mpya iwe fupi kuliko hiyo kidogo.

Vipuri vya kiwandani vilivyobaki ghalani naviweka nafasi ya tatu, na kwa hedi, gia na swichi peke yake. Kapasita, vile vipuri vidogo vya kuhifadhi chaji ya umeme, nazo zinunuliwe za karibuni, zenye kuhimili nyuzi joto 105, kwa sababu zina kasoro ileile ya kuzeekea ghalani. Beliti za saizi mchanganyiko zinazouzwa kwa bei ya kutupwa ni za kujifunzia ufundi tu.

Linaloniudhi zaidi ni wauzaji. Wapo wanaoupandishia mpira bei kwa sababu ni wa zamani, kana kwamba ni kito, na hawamruhusu mnunuzi kufungua pakiti kabla ya kulipa. Wapo pia wanaoiita deki nzima kwa sababu taa yake inawaka, bila kuiwekea kaseti hata moja mbele yako. Nenda na kaseti isiyo na thamani kwako, iwekwe, icheze, irudishwe nyuma, kisha itolewe, utazame kingo za utepe. Kwa mpira, bonyeza kwa ukucha: ulio hai hubonyea na kurudi, uliokufa hung'aa kama kioo na haubonyei. Beliti iliyotoka kwenye pakiti ikiwa bado na mikunjo yake, irudishe papo hapo. Muuzaji akikataa usibonyeze, mrudishie pakiti yake na uondoke na fedha yako.