Chaji ya laptopu haikai: cha kununua kwanza, cha kununua baadaye, na cha kuacha dukani

Ukiingia duka la kompyuta pale Moi Avenue useme chaji haikai, utauziwa betri. Huenda ndiyo dawa, huenda siyo. Laptopu nyingi zinazouzwa katikati ya jiji ni za ex-UK, zilizofanya kazi ofisini miaka kadhaa kabla ya kufika Nairobi, na chaji yake huisha upesi kwa sababu mbili zisizofanana: betri imechoka, au mashine yenyewe inakula sana. Dawa ya moja haitibu nyingine, kwa hivyo pima kabla hujatoa pesa.

Hesabu si ngumu. Betri hupimwa kwa wati-saa (Wh), ulaji wa mashine hupimwa kwa wati. Gawanya cha kwanza kwa cha pili upate saa. HP EliteBook 840 G3, ambayo utaikuta karibu kila duka, ilitoka kiwandani na betri ya Wh 46.5. Ikila wati 8 utafanya kazi karibu saa sita. Ikila wati 14, saa tatu na dakika ishirini basi. Na betri ikiwa imebaki nusu ya nguvu zake, kata hizo saa katikati.

Kwenye Windows fungua Command Prompt, andika powercfg /batteryreport, ubonyeze Enter. Itakuonyesha ilikohifadhi faili. Ifungue kwa kivinjari utafute mistari miwili, DESIGN CAPACITY na FULL CHARGE CAPACITY. Gawanya ya pili kwa ya kwanza. Ukipata zaidi ya asilimia 80, betri yako ni nzima, acha pesa mfukoni. Chini ya 60, badilisha. Katikati hapo, jaribu kwanza kupunguza ulaji. Namba hizo mbili zikilingana hadi tarakimu ya mwisho kwenye laptopu ya miaka mitano, shuku: ama betri imebadilishwa juzi, ama ni bandia inayotangaza namba ya kubuni.

Ulaji nao unasomeka kwa programu ya bure ya HWiNFO. Chomoa chaja, subiri dakika tano, kisha tazama mstari wa Charge Rate. Anayetumia Linux ana powertop.

Nafasi ya kwanza: marekebisho yasiyolipiwa

Yanaongoza kwa sababu hayana mpinzani kwa bei, na pia kwa sababu kila betri au pawabenki utakayonunua baadaye itadumu zaidi mashine ikila kidogo. Skrini ndiyo mlaji wa kwanza. Shusha mwangaza hadi asilimia 40 ukiwa ndani ya nyumba. Kama skrini ni ya 120 au 144 Hz (mara inazojichora upya kwa sekunde), irudishe 60 unapokuwa bila stima. Weka Power mode kwenye Best power efficiency. Kwenye laptopu za Intel ambazo bado zina mpangilio wa Maximum processor state, andika 99 badala ya 100 upande wa betri: prosesa itaacha kupanda mbio za ziada, na feni itanyamaza. Kwa kuandika na kusoma barua pepe hutaona tofauti. Kwa kuhariri video utaiona, tena sana.

Kuna jambo moja wengi hawalijui. YouTube hutuma video kwa mifumo ya kubana video iitwayo VP9 na AV1, na prosesa za Intel za kizazi cha 4 na cha 5 hazina sehemu maalumu ya kuifungua mifumo hiyo, kwa hivyo prosesa nzima inajitwika kazi hiyo na wati zinapaa. Sehemu ya AV1 hata ilichelewa zaidi, ilingoja kizazi cha 11 mwaka 2020. Kiongezi cha kivinjari kinachoitwa h264ify huilazimisha YouTube kutuma H.264, mfumo wa zamani zaidi, ambayo mashine hizo kuukuu hufungua bila jasho. Mwanafunzi anayefuata masomo kwa video ataona faida siku hiyo hiyo.

Na ukiifunga laptopu kuitia begini, tumia Hibernate (inahifadhi kazi yako na kuizima mashine), si Sleep. Laptopu za miaka ya karibuni hubaki macho nusu zikiwa kwenye Sleep. Unapanda matatu Rongai ukiwa na asilimia 70, unashuka mjini begi lina joto na chaji imebaki 50.

Nafasi ya pili: betri mpya, ikiwa ripoti imeihukumu ya zamani

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea Nairobi, kwa hivyo nenda polepole. Usinunue kwa jina la laptopu, nunua kwa namba ya betri. EliteBook 840 G3 na G4 hutumia CS03XL. G5 na G6 hutumia SS03XL, na hazibadilishani. Fungua kifuniko, piga picha ya lebo, nenda nayo dukani. Volti ziwe zile zile. Wh zinaweza kuwa sawa au kuzidi.

Kisha linganisha bei kwa kila Wh. Tuseme duka la kwanza linauza betri ya Wh 46 kwa shilingi 4,600, na la pili ya Wh 36 kwa 4,000. Ya kwanza ni shilingi 100 kwa Wh, ya pili 111. Ile iliyoonekana rahisi ndiyo ghali. Muuzaji akikutajia mAh peke yake, zidisha kwa volti zilizo kwenye lebo, ugawanye kwa 1,000.

Jaribu kabla ya kulipa. Fundi aiweke, uwashe, utoe ripoti ile ile pale pale kaunta. FULL CHARGE CAPACITY ikiwa chini sana ya lebo, ama betri imekaa stoo miaka, ama lebo inadanganya. Omba dhamana iandikwe kwenye risiti pamoja na namba ya betri. Ahadi ya mdomo huwa fupi kuliko chaji yenyewe. Baadhi ya ThinkPad, kama X230 na T430 za mwaka 2012, hukataa kuchaji betri isiyo ya Lenovo, kwa hivyo kwa hizo usikubali betri usiyoijaribu ikichaji.

Betri iliyovimba, ile inayoinua kibao cha kugusa au kuachanisha kifuniko, usiibonyeze wala kuitoboa. Itolewe, isitupwe kwenye taka za nyumbani. Jijini kuna WEEE Centre inayopokea taka za kielektroniki.

Mpya ukishaiweka, izuie isijae daima ikiwa laptopu hukaa kwenye chaja siku nzima. Lithiamu huchakaa upesi ikikaa imejaa huku ina joto. Lenovo wana Conservation mode ndani ya programu yao ya Vantage, Asus wanayo kwenye MyASUS, Dell na HP mpangilio uko kwenye BIOS, ile menyu inayofunguliwa mashine inapowaka.

Nafasi ya tatu: pawabenki ya USB-C

Inafaa kuliko betri ikiwa betri yako bado nzima na tatizo ni stima ya mtaa wenu. Lakini soma maandishi. Pawabenki ya mAh 20,000 ina Wh 74 tu (zidisha kwa volti 3.7, si 5), na baada ya upotevu njiani laptopu hupata kama 60. Lazima iandikwe PD (Power Delivery), na kwenye orodha ya Output kuwe na volti 20. Ile ya wati 22.5 inayouzwa kila kona ya Luthuli ni ya simu. Nyingi huishia volti 12, na laptopu haitaitikia. Wati 45 zinatosha laptopu ya kawaida ya ofisi, 65 ni salama zaidi. Waya nao una neno: unaopitisha zaidi ya wati 60 lazima uwe wa ampea 5.

Tundu la USB-C peke yake si ushahidi kwamba laptopu huchaji kwalo. Nenda na mashine yako dukani uchomeke. Zenye tundu la duara zinahitaji waya wa kugeuza, na Dell ni wasumbufu: chaja isipojitambulisha kupitia pini ya katikati, mashine hufanya kazi polepole na betri haiingizi chaji.

Anayesafiri kwa ndege asibebe pawabenki inayozidi Wh 100, la sivyo atahitaji kibali cha shirika.

Nafasi ya nne: SSD

Kama bado una diski ngumu inayozunguka, SSD, yaani diski isiyo na kitu kinachozunguka, itaokoa wati moja hivi. Si nyingi. Inunue kwa sababu ya kasi, uhesabu chaji kuwa bakshishi.

Nafasi ya tano: laptopu nyingine

Tazama herufi ya mwisho ya jina la prosesa: U hula kidogo, H hula sana. i5-8250U imepangiwa wati 15. I7-8750H wati 45, na hakuna mpangilio utakaoigeuza kuwa mnyenyekevu. Anayeshinda nje bila soketi atafute ThinkPad T480: ina betri ya ndani ya Wh 24 na ya nyuma inayofika Wh 72, na ya nyuma hubadilishwa mashine ikiwa inawaka. Hakikisha unayouziwa ina ile nene ya nyuma, kwa sababu nyingi huja na ndogo.

Usinunue

Feni za kuwekea laptopu juu zinazochomekwa USB: zinakunywa betri ile ile unayotaka kuiokoa. Programu za kulipia za “kuponya betri”: kemikali iliyochakaa haisikii programu. Na inveta ya kugeuza volti 12 kuwa 240 ili uchomeke chaja inayozirudisha tena chini hupoteza umeme mara mbili. Kama una betri ya sola nyumbani, tafuta chaja ya gari ya USB-C yenye PD, uiunge moja kwa moja kwenye volti 12, ukiweka fyuzi karibu na betri.